Kontena Linaficha, Halilindi Kila Kitu

Takwimu za vituo vya afya (MTUHA) za Korogwe Mji, kata ya Old Korogwe ikiwemo, huingizwa kwenye DHIS2, mfumo wa taarifa za afya unaotumika Tanzania nzima. Mfumo wa aina hii kwa kawaida huendeshwa kwenye seva ya Linux, na mafundi wengi hupenda kuiweka hifadhidata kwenye kontena lake, programu kwenye jingine.

Kerneli ya Linux, kwa kweli, haina kitu kiitwacho kontena. Ina prosesi, na kila prosesi imepangiwa neimspesi, yaani mipaka ya inachoweza kuona: mafaili, mtandao, watumiaji, namba za prosesi nyingine. Neimspesi ya kwanza, ya mafaili, iliingia kwenye Linux 2.4.19 mwaka 2002. Ile ya watumiaji ilikamilika mwaka 2013.

Anayejua C ajaribu mwenyewe, akiwa na mamlaka ya root. Aite clone() pamoja na CLONE_NEWPID, kisha prosesi mtoto iulize getpid(). Itajibiwa 1. Mzazi aliyebaki nje amepewa namba nyingine kabisa ya mtoto huyo, tuseme 4127, na ni mtoto yuleyule.

Sasa aendeshe ps humo ndani. Ataziona prosesi zote za seva! Sababu ni kwamba ps husoma /proc, na /proc hiyo bado ni ya nje. Inabidi aongeze CLONE_NEWNS na kupachika /proc mpya, lakini kwanza aweke MS_REC | MS_PRIVATE kwenye mzizi wa mafaili. Akiiruka hatua hiyo, kwenye seva nyingi za leo /proc mpya itavuja na kuifunika ya seva nzima. Hili ndilo kosa ninalolihofia kuliko yote, maana programu haitoi onyo lolote.

Namba 1 ina wajibu pia. Prosesi yatima huangukia kwake, naye lazima aite wait() zisibaki mizuka. Akifa, kerneli huziua zote zilizomo.

Neimspesi haipimi kumbukumbu wala muda wa prosesa. Hiyo ni kazi ya cgroups, sehemu nyingine ya kerneli. Na kerneli ni moja kwa makontena yote, hivyo ufa ndani yake ni ufa wa wote. Kwa jumla za mwezi za zahanati, kontena naona linatosha. Kwa majalada yenye majina ya wagonjwa, ningedai mashine pepe yenye kerneli yake.