Kunyanyua Gari na Kuweka Matairi Makubwa: Mambo ya Kuzingatia kwa Wamiliki wa Magari Kigoma

Mvua zinapoanza kunyesha mkoani Kigoma, kwa kawaida kuanzia mwezi Oktoba hadi Aprili au Mei, tofauti kati ya barabara ya lami na barabara ya udongo huwa jambo la kila siku kwa mwenye gari. Kutoka Mwanga, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, dereva hufika Manyovu mpakani mwa Burundi kwa lami. Akichepuka kuelekea vijiji vya ukanda wa kusini wa Ziwa Tanganyika, upande wa Kalya, au akipanda kwenye vijiji vya milimani, hukutana na udongo mwekundu unaoteleza, makorongo yaliyochimbwa na maji katikati ya njia na mawe yanayogonga tumbo la gari.

Hali hiyo imewafanya wamiliki wengi wa magari madogo ya muundo wa juu, kama vile Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Subaru Forester na Honda CR-V, kufika gereji na ombi moja: gari linyanyuliwe na liwekewe matairi makubwa zaidi. Kazi hiyo hufanyika katika miji mingi nchini, Kigoma ikiwemo, na ikifanywa kwa kipimo huleta manufaa ya kweli. Ikifanywa kwa kukisia, humwachia mwenye gari gharama zinazojitokeza baada ya miezi kadhaa na, kwa bahati mbaya, gari lililo rahisi kupinduka.

Magari hayo mengi huingia nchini yakiwa yametumika Japani. Tofauti na Land Cruiser za kazi au Hilux, hayana chesisi inayojitegemea. Bodi na chesisi ni kitu kimoja, na kila tairi lina mfumo wake wa shokapu na springi. Muundo huo una faida moja kwa anayetaka kunyanyua. Katika gari lenye ekseli moja nzima nyuma, springi ndefu hupandisha bodi lakini difu hubaki palepale, kwa kuwa urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na ukubwa wa tairi. Katika RAV4 au Forester, difu hufungwa chini ya bodi, hivyo bodi ikipanda nayo hupanda. Kinachobaki chini ni mikono ya magurudumu pekee, na hiyo iko pembeni, karibu na tairi, ambako dereva mzoefu huweza kuikwepesha mawe.

Urefu huongezwa kwa njia mbili, nazo hazina matokeo sawa. Ya kwanza ni tairi. Kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi hueleza kila kitu kwa anayejua kukisoma. Tuchukue 215/65R16, kipimo kinachopatikana kwenye Forester nyingi. Namba 215 ni upana kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu wa tairi kama asilimia ya upana huo. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ubavu una takriban milimita 140, na tairi zima lina kipenyo cha milimita 686. Mwenye gari akihamia 225/70R16, ubavu hufika takriban milimita 158 na kipenyo milimita 721. Ongezeko la kipenyo ni milimita 35, lakini gari hupanda kwa nusu yake tu, yaani chini kidogo ya sentimita 2, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli.

Hesabu hiyo ndogo ina matokeo yasiyoonekana haraka. Spidomita huhesabu mizunguko ya gurudumu, nayo haijui kuwa tairi limebadilishwa. Kwa mabadiliko hayo ya takriban asilimia 5, mshale ukisoma kilomita 50 kwa saa, gari linakwenda karibu 52 na nusu. Ukisoma 80, mwendo halisi ni zaidi ya 84. Katika maeneo ya makazi, ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, kipimo cha mwendo cha askari wa usalama barabarani hakitasoma kilichoonyeshwa kwenye dashibodi. Kilomita za safari nazo huhesabiwa pungufu, kwa hiyo mwenye gari anayebadili oili kila baada ya kilomita 5,000 huwa amekwisha kuzipita. Hilo la oili ni dogo. La spidomita si dogo.

Vilevile tairi kubwa ni zito, na uzito wake uko mbali na kitovu cha gurudumu. Injini hutumia nguvu zaidi kulizungusha na breki hufanya kazi kubwa zaidi kulisimamisha. Gari lenye injini ndogo na giaboksi ya otomatiki litahisi mzigo huo kwenye mlima wowote kati ya ziwani na nyanda za juu za Kasulu na Buhigwe, na mafuta yatakwenda kwa kasi zaidi. Kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne lipo sharti lisilo na mjadala: matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja na yaliyochakaa kwa kiwango kinacholingana. Kuweka mawili makubwa mbele na kuacha ya zamani nyuma hulazimisha mfumo wa kugawa nguvu kufanya kazi muda wote hata barabara ikiwa kavu, hadi uungue. Tairi la akiba nalo linapaswa kulingana na mengine, jambo linalosahaulika mpaka siku ya pancha.

Njia ya pili ni kuinua bodi yenyewe juu ya magurudumu. Hapa ndipo neno “spesa” linapoficha vitu vitatu tofauti, na mwenye gari anapaswa kumuuliza fundi anamaanisha kipi.

Kipo kipande cha aluminiamu au plastiki ngumu kinachofungwa juu ya shokapu, kati yake na bodi. Shokapu na springi hubaki kama zilivyotoka kiwandani, ila zote zimesukumwa chini. Gari huendelea kuwa laini, na kwa shokapu za mbele ongezeko la urefu hukaribiana na unene wa kipande. Nyuma inaweza kuwa tofauti: pale springi inapokaa katikati ya mkono wa gurudumu, kipande cha sentimita 3 huweza kuinua gari kwa zaidi ya sentimita 3, na fundi asiyelijua hilo humrudishia mteja gari lililoinama mbele.

Kipo pia kipande kinachowekwa ndani, kati ya springi na kikalio chake. Hiki huinua gari lakini shokapu hubaki na urefu uleule, hivyo katika hali ya kawaida tu inakuwa imekwisha kuvutika kuliko ilivyokusudiwa. Gurudumu likidumbukia shimoni, shokapu hufika mwisho wake na kugonga. Mlio huo wa chuma unaosikika kwenye magari mengi yaliyonyanyuliwa ndio dalili yake, na shokapu za namna hiyo hazidumu.

Cha tatu ni mpira mgumu unaopachikwa katikati ya mizunguko ya springi. Ni wa bei ndogo na huwekwa kwa dakika chache, nayo ndiyo sababu ya kupendwa kwake. Mpira huo huzuia sehemu ya springi isifanye kazi, na mzigo wote hubebwa na mizunguko iliyobaki. Springi iliyokwisha kutumika miaka mingi ikipewa mzigo huo kwenye barabara ya makorongo huweza kukatika. Kwa gari linalobeba familia, mpira huu haufai.

Iliyo bora kuliko zote, na ya gharama zaidi, ni kuweka springi ndefu pamoja na shokapu zilizotengenezwa kwa urefu huo. Asiyeweza gharama hiyo atapata nafuu ya kutosha kwa kipande cha juu ya shokapu, mradi kiwe cha kiasi.

Kiasi hicho kinatokana na shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Giaboksi hupanda pamoja na bodi, magurudumu hubaki chini, na shafti iliyokuwa karibu mlalo sasa huinama. Sivijointi huzunguka ikiwa imekunjwa kupita ilivyokusudiwa, mpira unaoifunika hukunjwa kila mzunguko hadi upasuke, grisi hutoka, vumbi na matope huingia, na baada ya muda mlio wa kokoto husikika kila gari linapokata kona. Boljointi na mipira ya stebilaiza hupata adha hiyohiyo. Ndiyo maana kwa magari haya ongezeko la sentimita 3 hadi 4 ni la busara, na sentimita 5 ni ukingo ambao haifai kuuvuka bila kubadili vipuri vingine. Ukijumlisha na tairi lililokua kidogo, tumbo la gari hupata sentimita 5 hadi 6. Ongezeko hilo linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini kwa gari lililokuwa na sentimita 18 ni karibu theluthi nzima.

Gari likishanyanyuliwa, pembe za magurudumu hubadilika na kupiga alaimenti huwa lazima. Bila hivyo, tairi jipya huliwa upande mmoja katika miezi michache na usukani huvuta. Mwenye gari asikubali kuondoka kwa ahadi ya kurudi wiki ijayo. Taa za mbele nazo huanza kumulika juu na kuwapofusha wanaokuja, wakiwemo waendesha bodaboda na baiskeli walio wengi katika barabara ya Kigoma na Ujiji. Kuzishusha ni kazi ya bisibisi na ukuta.

Suala zito zaidi ni uthabiti wa gari. Wataalamu wa usalama wa magari nchini Marekani hupima uwezekano wa gari kupinduka kwa kugawa nusu ya nafasi iliyopo kati ya matairi ya kushoto na ya kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito. Namba ikiwa kubwa, gari ni thabiti. Chukua gari lenye nafasi ya sentimita 153 na kitovu cha uzito kilicho sentimita 65 kutoka ardhini: jibu ni takriban 1.18. Liinue kwa sentimita 5, jibu hushuka hadi 1.09. Ongeza keria yenye magunia juu ya paa na namba itashuka zaidi. Dereva hataona tofauti akiwa mwendo wa kawaida; ataiona siku atakapolazimika kukwepa mbuzi au mtoto ghafla akiwa kwenye lami. Gari lililonyanyuliwa huhitaji dereva anayepunguza mwendo kwenye kona alizokuwa akizipita bila kufikiri.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inataka gari lolote liwapo barabarani liwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine, na askari wa usalama barabarani ana mamlaka ya kulikagua. Tairi linalosugua bodi usukani unapokatwa, au lililochomoza nje ya bodi, ni sababu ya kutosha ya gari kuzuiwa. Kwa upande wa bima, mkataba hujengwa juu ya ukweli kamili kati ya pande mbili. Mabadiliko yanayogusa usalama wa gari yatolewe taarifa kwa maandishi kwa kampuni ya bima kabla ya ajali, si baada yake. Magari ya Serikali hutengenezwa kupitia Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA), hivyo dereva wa halmashauri au wa kituo cha afya hana mamlaka ya kuamua mwenyewe, hata kama njia ya kijijini inamsumbua.

Kwa wengi wanaotaka gari lipite kwenye matope, jibu la kwanza lilipaswa kuwa aina ya tairi kabla ya ukubwa wake. Udongo mwekundu wa Kigoma ukilowa hujaa kwenye kashata za tairi la barabara ya lami na kuligeuza kuwa laini kama chupa. Tairi la njia zote, lenye kashata pana na za kina, la kipimo kilekile cha kiwandani, hutatua sehemu kubwa ya tatizo bila kugusa spidomita wala shafti. Wakati wa kununua, zitazamwe namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT: 2322, kwa mfano, humaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2022. Namba ya uwezo wa kubeba mzigo isiwe chini ya ile ya matairi ya awali. 98, kwa mfano, ni kilo 750 kwa tairi moja.

Kunyanyua gari hakuligeuzi kuwa boti. Tundu la injini la kuvutia hewa hupanda kwa sentimita zilezile chache, na maji yakiingia humo injini hufa papo hapo. Mto uliofurika na kufunika njia usubiriwe upungue.

Baada ya kazi kukamilika, bolti zote zilizofunguliwa zikazwe upya gari likishatembea kilomita 500 hadi 1,000, kwa kuwa hulegea kidogo zinapokaa. Mipira ya sivijointi ikaguliwe kila gari linapobadilishwa oili. Vipuri vya awali vihifadhiwe, kwani atakayelinunua gari hilo kesho huenda akataka kulirudisha lilivyokuwa.