Gari la Mlimani: Tuchague la Petroli au la Kuchaji?

Usiku ule tulikuwa watano ndani ya gari la kukodi: dereva, mama mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda Tanga, mama mkwe wake, na sisi wawili kutoka kikundi cha akina mama wa kanisa hapa Lushoto. Tulipoipita Soni na kuanza kuteremka kuelekea Mombo, tulisikia harufu kama ya mpira unaoungua. Dereva akakanyaga breki, pedeli ikazama chini kuliko kawaida. Mungu akamsaidia, akaliegemeza gari upande wa mlima. Tulikaa pale dakika 40 breki zipoe, huku tukihesabu uchungu wa yule mama kwa saa ya mkononi na kuomba kimoyomoyo.

Mtoto alizaliwa salama asubuhi. Lakini sisi tulirudi tukiwa na neno moja: kikundi kinunue gari lake. Fedha tulikuwa tumeziweka kwa miaka minne, za michango na za mboga tulizouza. Swali likawa gari gani. Maana gari likinunuliwa vibaya, jasho la akina mama wengi limepotea.

Magari mawili ya jina moja

Tulitaka gari la familia lililoinuka kidogo: si dogo la mjini, wala si jipu kubwa linalokunywa mafuta. Vijana walitutajia Harrier na RAV4. Kijana mmoja wa kwaya akatuletea habari za Mitsubishi Outlander, akisema liko la petroli na liko la kuchaji kwa umeme wa nyumbani. Tukagawanyika pale pale. Nusu yetu walitaka la petroli tulilolizoea, nusu wakavutiwa na hilo la umeme.

Tulijifunza kwanza tofauti yake. Outlander ya kuchaji ilianza kuuzwa Japani Januari 2013. Ina injini ya petroli ya lita 2.0, mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na betri ya kilowati-saa 12 chini ya sakafu. Kwa vipimo vya Kijapani, betri ikijaa gari huenda kilometa 60 hivi bila kuchoma petroli. Baada ya hapo injini hushika kazi. Toyota nayo ilianza kuuza RAV4 ya kuchaji mwaka 2020, na Harrier ya kuchaji mwaka 2022.

Zile kilometa 60 ni za barabara ya vipimo. Barabara ya Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi, lakini hupanda karibu meta 1,000. Kupanda hula betri upesi. Asiyelijua hilo atadhani ameuziwa gari bovu.

Kupanda na kushuka

Katika kushuka ndipo tulipoona sifa kubwa ya gari la kuchaji. Unapoondoa mguu kwenye mafuta, mota hugeuka kuwa jenereta. Hulizuia gari na papo hapo hurudisha umeme kwenye betri. Katika Outlander dereva huchagua kwa vidole, pale kwenye usukani, gari lizuiwe kidogo au sana. Hivyo breki za kawaida hufanya kazi kidogo na hazipati moto upesi. Tulioinusa ile harufu usiku ule tulilielewa jambo hilo bila kufafanuliwa mara mbili.

Lakini kuna tahadhari moja ambayo sisi wa mlimani tusiisahau. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme mwingine. Ukichaji usiku kucha hapa Lushoto hadi ijae, kisha asubuhi ukaanza kuteremka, mota haitakuzuia vizuri mwanzoni, na utarudi kutegemea breki. Kwa hiyo mwenye gari hili akae Lushoto na betri yenye nafasi, na ajaze akiwa chini kabla ya kupanda. Mtu wa Dar es Salaam hana haja ya kulijua hilo, lakini sisi tunalihitaji.

Na wewe mwenye gari la petroli usikate tamaa. Madereva wazee wa milima yetu walitufundisha zamani: teremka kwa gia ile ile unayopandia. Hata gari la otomatiki lina namna ya kushikilia gia ya chini ili injini izuie mwendo. Kanyaga breki kwa vipindi, usizilalie. Ukisikia harufu, au pedeli ikizama, simama mahali salama upumzike. Mafuta ya breki yakichemka hayasukumi tena, na mafuta yaliyokaa miaka mingi huchemka mapema zaidi.

Viti, matope na fundi

Tulipofika kwenye matumizi yetu wenyewe, mizani ikaanza kuyumba. Outlander nyingi za petroli za miaka ile zina viti 7. Zile za kuchaji zina viti 5, kwa kuwa mota ya nyuma imechukua nafasi. Toleo jipya la kuchaji lililotoka Japani Desemba 2021 lipo pia la viti 7, lakini bei yake ilikuwa mbali na mfuko wetu.

Kwa upande wa matope, gari la kuchaji huendeshwa kwa magurudumu yote manne. La petroli hutofautiana, mengine huvutwa na ya mbele tu. Wakati wa masika, njia za udongo za kwenda vijijini huteleza kama sabuni, kwa hiyo usikubali kusikia tu kwamba "ni Outlander". Uliza ni magurudumu mangapi yanayovuta.

Halafu betri. Gari lililotumika miaka kumi lina betri iliyotumika miaka kumi. Sisi wauguzi hatumwongezei mgonjwa damu kabla ya kupima. Vivyo hivyo, usilipie gari la kuchaji kabla ya kupata kipimo cha uwezo wa betri uliobaki. Uliza pia fundi wa umeme mkubwa wa gari yuko wapi. Sisi tuliuliza kote mjini hapa, na kila fundi mwaminifu alitwambia tulipeleke Dar es Salaam. Tena gari lililozidi miaka 8 tangu litengenezwe hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu, liwe la petroli au la kuchaji.

Usalama wa nyumbani

Kwa wale watakaonunua la kuchaji, tunawaomba mzingatie haya:

1. Waya wa kuchaji unaotoka Japani una kichwa kisichoingia kwenye soketi zetu. Usiunganishe kwa kubahatisha, wala usitumie waya wa kuungia. Kuchaji huchukua saa nyingi na waya dhaifu huungua. Mwite fundi umeme mwenye leseni, aangalie na waya wa ardhini.

2. Gari likienda kwa umeme halina mngurumo. Mtoto anayecheza uani hasikii likija. Zunguka gari kwa miguu kabla ya kuliondoa.

3. Usiliache likiwa limewashwa ndani ya banda lililofungwa. Huenda likawa kimya, kisha injini ikajiwasha yenyewe kujaza betri. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

4. Waya za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Asiziguse mtu asiyefundishwa, hasa baada ya ajali.

5. Magari mengine yana soketi nyuma ya kuchomekea vyombo. Ile ya Kijapani hutoa volti 100, na vyombo vyetu hutumia 230. Usiitegemee kwa jokofu la chanjo.

Tulichoamua

Tulipiga kura baada ya maombi, na tukachagua la petroli, la magurudumu manne na viti 7. Sisi tunabeba mgonjwa aliyelala nusu, msindikizaji, muuguzi na mizigo, na tunakwenda mahali ambapo fundi hayupo. Fedha iliyobaki tulinunua matairi mapya na kubadilisha mafuta ya breki.

Lakini hatukusema kwamba la kuchaji ni baya. Dada yetu mmoja ni mwalimu hapa mjini. Safari zake ni shule, soko na kanisa, na ana soketi nzuri nyumbani. Kwake lingefaa kuliko la kwetu, kwa sababu angeweza kumaliza siku nyingi bila kugusa petroli. Anayeenda mbali kila siku bila kuchaji, yeye atakuwa amenunua uzito wa betri wa bure.

Mpendwa msomaji, Bwana wetu alitoa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, kwamba huketi kwanza akahesabu gharama. Nasi tunasema vivyo hivyo: kabla ya kuuliza bei ya gari, ketini mwandike barabara yenu, watu wenu na fundi wenu. Na akina mama wajawazito wasisubiri gari la kikundi. Piga 115 bila malipo, namba ya mpango wa m-mama, ambao hutuma ambulensi au dereva wa kijamii aliyesajiliwa. Gari letu sasa limo katika orodha hiyo. Yule mtoto wa usiku ule ametimiza miaka miwili, na mama yake ndiye mtunza hazina wetu msaidizi.