TAARIFA KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI: HADHARI JUU YA MALIPO YASIYO HALALI KATIKA GEREJI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanakumbushwa kuwa gari likabidhiwapo kwa fundi huwa ni amana, na haki ya mwenyewe haikomi langoni mwa gereji. Jambo hili ni zito zaidi kwa wakazi wa mbali, kama wale wa Kata ya Mwazye, Wilaya ya Kalambo. Aliyeacha gari Sumbawanga mjini na kurejea nyumbani haishuhudii kazi, ilhali fedha atakayolipa huenda ikawa ya mahindi ya msimu mzima.

Udanganyifu huwa wa namna tatu: kulipishwa kipuri ambacho hakikubadilishwa, kuuziwa kipuri kikuukuu au cha bandia kwa bei ya kipya halisi, na kutozwa kazi ambayo haikuagizwa. Yote hayo hustawi pale mapatano yanapokuwa ya mdomo tu.

Kwa hiyo yafuatayo yazingatiwe:

(a) Kabla ya kazi kuanza, fundi aandike ubovu aliouona, vipuri vinavyohitajika na bei ya kila kimoja. Ujira wake uandikwe peke yake. Pande zote mbili zitie saini.

(b) Usomaji wa mita ya kilomita, kiasi cha mafuta, betri na gurudumu la akiba viorodheshwe wakati wa makabidhiano.

(c) Ubovu mwingine ukionekana, kazi isiendelee mpaka mwenye gari aridhie, japo kwa ujumbe wa simu.

(d) Vipuri vilivyotolewa arudishiwe mwenyewe. Asiyeweza kuonyesha cha zamani aeleze alichobadilisha.

(e) Risiti idaiwe papo hapo. Mwenye mashine ya EFD atoe risiti ya mashine. Asiye nayo atoe stakabadhi ya mkono.

Kwa magari ya Serikali, dereva asijichagulie gereji. Utaratibu uliowekwa ufuatwe, pamoja na ukaguzi wa Wakala wa Ufundi na Umeme (TEMESA) ulioanzishwa mwaka 2005.

Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji. Aliyedhulumiwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ushindani, akiwa na hati zilizotajwa hapo juu, kwani madai yasiyo na maandishi ni vigumu kuthibitika.

Mafundi waaminifu wapo wengi, na maandishi huwalinda wao pia dhidi ya shutuma zisizo za kweli. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.