Usaili wa Awamu Nyingi: Maelezo kwa Walimu na Wanafunzi wa Lugha

Katika toleo hili tumeona vema kueleza jambo ambalo wanafunzi wa lugha hukutana nalo mara tu waanzapo kutafuta kazi, yaani usaili usiokwisha siku moja. Mwombaji huitwa akafanya mtihani wa kuandika, akaitwa tena akapimwa ukalimani, kisha akaitwa mara ya tatu mbele ya jopo. Wapo wenye ujuzi wa kutosha ambao huanguka kwa sababu hawakujua kila awamu inatafuta nini.

Mifano yetu tumeichukua Malawi, ambako Kiswahili si lugha ya wenyeji lakini kina kazi ya kufanya. Kambi ya Dzaleka, katika wilaya ya Dowa kaskazini ya Lilongwe, ilikuwa gereza kabla ya kugeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994. Ilitengwa kwa ajili ya watu kati ya 10,000 na 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakitoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo mashirika yanayowahudumia huhitaji wakalimani, walimu na wahamasishaji wanaokijua pamoja na Kiingereza au Chichewa.

Neno moja, mambo mawili

Nchini Tanzania, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutofautisha usaili wa mchujo, usaili wa vitendo na usaili wa mahojiano. Majina hayo yanafaa kufundishwa, kwani kila moja linaeleza kazi ya awamu yake. Kenya husemwa zaidi mahojiano ya kazi.

Kambini neno mahojiano lina mzigo mwingine. Mkimbizi huhojiwa anapoandikishwa, anapoomba hadhi ya ukimbizi, na tena endapo jina lake litafikiriwa kwa kupelekwa nchi ya tatu. Huko hueleza habari ileile mara nyingi, na maofisa hutazama kama inalingana. Mtu aliyezoea mahojiano hayo huweza kuingia katika usaili wa kazi akirudia jibu lilelile neno kwa neno katika kila awamu. Jopo humwona hana jipya. Mwingine hukosea kwa upande wa pili: awamu ya kwanza anasema alifundisha miaka miwili, awamu ya tatu anasema minne. Kanuni tunayopendekeza ni fupi: mambo yasibadilike, maelezo yakue. Tarehe, vyeti na vyeo vibaki vilevile. Mifano na ufafanuzi viongezeke kila awamu.

Kabla ya kuomba

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mnamo mwaka 1987, iliweka pingamizi juu ya vifungu kadhaa, kikiwemo kinachohusu ajira ya mshahara. Sera yake pia inawataka wakimbizi wakae kambini. Hivyo mwombaji wa Dzaleka aulize mapema: je, nafasi hii iko wazi kwa mkimbizi? Malipo yake ni mshahara au ni posho ya kujitolea? Ni afadhali kuuliza kabla ya awamu ya kwanza kuliko kulijua jambo hili baada ya awamu ya tatu.

Jambo jingine ni fedha. Mashirika ya Umoja wa Mataifa hayatozi ada katika hatua yoyote ya ajira. Mtu akidai kwacha ili "kukupitisha" awamu ya pili, huyo ni tapeli.

Awamu zenyewe

Kwanza ni mchujo wa makaratasi. Hapa hakuna anayekuuliza lolote. Barua na wasifu wako ndivyo vinavyosema. Jibu sharti moja baada ya jingine kama lilivyoandikwa katika tangazo, na uweke nakala ya kila ulichopeleka, kwa maana jopo litakuwa nayo mkononi.

Pili ni mtihani wa kuandika. Kwa mwombaji wa ukalimani huwa ni tafsiri. Mitego yake ni maneno ya kila siku. "Ndugu" anaweza kuwa wa tumbo moja au mtoto wa baba mdogo. Mjomba na baba mdogo Kiingereza huwaita kwa jina moja. "Saa mbili usiku" ikitafsiriwa kwa tarakimu 2, ushahidi wa mtu umeharibika.

Tatu ni zoezi la ukalimani. Msimamizi husema kwa Kiingereza, mwingine hujibu kwa Kiswahili, nawe uko katikati. Mkalimani husema kwa nafsi ya kwanza kama msemaji mwenyewe, haongezi wala hapunguzi, na asipoelewa huomba ruhusa ya kuuliza. Kiswahili utakachosikia huenda kisiwe sanifu. Msemaji kutoka Kongo atasema "batu" kwa watu, "bintu" kwa vitu, na "niko nasoma" kwa ninasoma. Mwombaji anayemsahihisha hapo hajaonyesha ujuzi. Ameonyesha kwamba mteja atamwogopa. Kazi ni kuelewa maana na kuifikisha.

Nne ni jopo. Swali la kawaida huanza hivi: "Tueleze wakati ambapo…" Hawataki maoni yako juu ya uvumilivu, bali wanataka tukio. Lipange kwa mambo manne: hali ilikuwaje, jukumu lako lilikuwa lipi, ulifanya nini, matokeo yakawaje. Usitaje jina wala siri ya mtu uliyemkalimania, hata kama mfano ungependeza zaidi. Jopo huenda linapima hilo hasa.

Mwisho ni uchunguzi wa wadhamini. Waarifu mapema, uwaambie ni kazi gani, ili simu isiwakute hawana habari.

Saa na safari

Nathenje iko kusini ya Lilongwe katika barabara ya M1, na Dzaleka iko upande wa kaskazini. Anayetoka Nathenje kwenda usaili Dzaleka hana budi kuingia mjini kwanza na kubadilisha gari. Minibasi nayo hungoja ijae. Awamu tatu ni nauli mara tatu, kwenda na kurudi. Kwa hiyo si utovu wa adabu kuuliza mwanzoni: "Naomba kujua usaili utakuwa na awamu ngapi, na zitafanyikia wapi?" Anayetoka kambini abebe kitambulisho chake na barua ya wito.

Usaili wa simu nao una mtego wake. Saa za Malawi ziko nyuma ya za Dar es Salaam na Nairobi kwa saa moja. Ukiambiwa saa nne asubuhi kwa saa za Nairobi, Lilongwe ni saa tatu.

Kwa walimu wenzetu

Tunashauri zoezi lifuatalo. Wagawe wanafunzi wanne wanne: mwombaji, wasaili wawili, na mwandishi. Wafanye awamu mbili kwa siku mbili tofauti. Mwandishi aandike kila tarehe na kila dai la mwombaji, kisha darasa lilinganishe: ni lipi limebadilika lisilopaswa kubadilika, na ni lipi limerudiwa lilipopaswa kukua? Zoezi hili hufundisha njeo, mpangilio wa masimulizi na usikivu kwa pamoja.

Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za SADC, jumuiya ambayo Malawi ni mwanachama wake. Nafasi hizo wanafunzi wetu watazipata wakijua lugha, na wakijua pia namna ya kuulizwa.