Kidimbwi cha Samaki Nyumbani: Vyombo Vifaavyo na Samaki wa Kutia

Mkulima mwenye eka chache hawezi kuongeza ardhi, lakini mara nyingi anacho kipande cha bondeni ambacho mahindi hayakubali. Hapo ndipo pafaapo kidimbwi cha samaki. Tena samaki ni chakula cha kujenga miili ya watoto.

Lakini kuchimba shimo na kulijaza maji si kufuga samaki. Mwaka 2009 Serikali ilianza kuwasaidia wakulima kuchimba vidimbwi vya mita 300 za mraba, kila kimoja kwa vifaranga 1,000. Wengine walivuna wakauza; vidimbwi vya wengine viliota nyasi, na jasho lao likapotea. Basi fikiri mambo haya kabla ya kushika jembe.

MAHALI. Ngege hukua vizuri katika maji yenye joto la nyuzi 25 hadi 30 za Sentigredi. Chini ya nyuzi 20 hula kidogo na kudumaa. Mkulima wa Muhoroni au Mwea aweza kumfuga, lakini wa Kinangop asitupe fedha zake kwa samaki huyo. Pima udongo pia: finyanga donge la udongo wenye majimaji, ulirushe juu, ulidake. Likivunjika, udongo huo hauzuii maji.

VYOMBO. Yatosha kuwa na jembe, sepetu, toroli, kamba na vigingi. Nunua mabomba mawili, moja la kuingiza maji na la pili la kutoa yaliyozidi. Funika midomo yake kwa wavu wa matundu madogo, samaki wa mtoni wasiingie na wako wasitoroke. Maji yawe na kina cha nusu mita upande wa juu, na zaidi kidogo ya mita moja upande wa chini.

MBOLEA. Tia samadi katika gunia, ulizamishe pembeni. Baada ya siku kadhaa maji yatageuka rangi ya kijani. Hicho ndicho chakula cha samaki. Tumbukiza mkono hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni hapo, chakula chatosha. Kikipotea mapema, acha samadi, maana maji mazito huishiwa na hewa usiku, na samaki hufa alfajiri.

VIFARANGA. Nunua kwa wazalishaji wanaojulikana, kama shamba la samaki la Sagana lililoanzishwa mwaka 1948. Tia watatu kwa kila mita ya mraba. Kidimbwi cha mita 10 kwa 10 chahitaji 300. Omba madume matupu. Ngege jike huzaa angali mdogo, na kidimbwi hujaa visamaki visivyouzika. Wafikishe asubuhi au jioni, ueleze mfuko juu ya maji kwa dakika 15 au 20 ndipo uufungue, wasishtuke kwa tofauti ya joto.

Walishe pumba na mashudu saa ile ile, mahali pale pale. Wakiacha chakula, siku ya pili punguza. Fyeka nyasi za kingoni, kwani ndimo wajifichamo nyoka na kenge.

Ukitunza hivi, baada ya miezi sita hadi minane utavua samaki wa kula na wa kuuza. Kabla ya kuchimba, mwite Afisa wa Samaki wa kaunti yako apaone mahali ulipopachagua. Kumwuliza ni rahisi kuliko kulifukia shimo.