Enkoda Haitibu Mashine Iliyolegea

"Ninunue enkoda ya mistari mingapi ili mashine yangu ikate kwa usahihi?" Swali hili naulizwa na mafundi wa lethi, wa mashine za mbao, hata wa mitambo ya kufungashia unga. Jibu ni lile lile: hakuna idadi ya mistari inayofanya kazi hiyo. Enkoda haikati wala haisogezi. Inapima tu.

Tupige hesabu basi. Enkoda hutoa mapigo kwa njia mbili, A na B, na kidhibiti huhesabu kila kupanda na kushuka kwa zote mbili. Mistari 1,000 huwa hesabu 4,000 kwa mzunguko. Mota ikizungusha moja kwa moja skrubu ya gololi yenye hatua ya milimita 5, hesabu moja ni mikroni 1.25. Muuzaji atakushawishi uchukue ya mistari 10,000, upate mikroni 0.125. Kwenye karatasi umeboresha mara 10. Kwenye chuma hujapata kitu, maana nati iliyochakaa inaweza kuwa na ulegevu wa mikroni 50, na enkoda iliyofungwa nyuma ya mota haiuoni ulegevu huo. Meza inapogeuza mwelekeo, mota inazunguka, hesabu zinapanda, meza imesimama. Kisha kuna joto: chuma hurefuka karibu mikroni 12 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, hivyo skrubu ya mita moja ikipanda nyuzi 5 imeongezeka mikroni 60. Kuongeza mistari kwenye rula iliyopinda hakuinyooshi.

Tena tiba hii huleta ugonjwa mpya. Mota ya mizunguko 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde. Kwa mistari 1,000 hizo ni kilohezi 50. Kwa mistari 10,000 ni kilohezi 500. Kidhibiti chenye ukomo wa kilohezi 100 kitaruka mapigo, na mara nyingi hakitatoa onyo lolote. Siku ya pili fundi analalamika kwamba ameuziwa enkoda mbovu. Enkoda ni nzima. Tuache kununua kabla ya kupima.

Weka kipimio cha saa mezani, peleka mbele, rudisha, rudia. Kosa linalojitokeza wakati wa kugeuza tu, lisilokua, ni ulegevu: kaza au badili nati. Linalokua kila safari, angalia pigo la Z, linalotoka mara moja kwa mzunguko. Hesabu kati ya Z mbili zikiyumba, mapigo yanapotea au kelele za umeme zinaongeza ya uongo: tumia kebo ya jozi zilizosokotwa yenye ngao, ipitishe mbali na nyaya za mota, chagua ishara za RS-422. Hesabu zikiwa thabiti, kaplingi inateleza. Kosa likifuata joto, funga skeli ya mstari mezani, ila ondoa ulegevu kwanza, la sivyo mota itahangaika kutafuta nafasi bila kutulia. Ukitaka mashine ijue ilipo baada ya umeme kukatika, nunua enkoda ya nafasi kamili.

Mistari mingi ina faida yake kwenye mwendo wa polepole sana, ambapo mapigo yakiwa machache kasi hupimwa kwa kubahatisha na mota hutetemeka. Kama tatizo lako si hilo, pesa hiyo nunulia nati mpya.