Mkono Hausemi Uongo

Mwenye kununua ndagala katika soko la Kalemie hakubali kupimiwa mchanga juu ya samaki. Ajua kwamba mizani yaweza kuonyesha uzito mkubwa, na nyumbani asipate kitoweo cha kutosha. Wazazi wapendwa, mbona akili hiyo hutupotea tunapomtazama mtoto mgonjwa?

Tulimjua mtoto mmoja, umri wake miaka minne, aliyekuwa na tumbo kubwa. Mama yake alituambia, “Mwalimu, huyu hana njaa, tazama tumbo lake lilivyojaa.” Nasi tuliosoma tulikubali maneno yake. Siku alipofikishwa hospitalini, muuguzi hakulitazama tumbo kwanza. Alichukua utepe mdogo, akauzungusha katikati ya mkono wa juu, nao ukaonyesha rangi nyekundu. Tumbo lilijaa uvimbe wa figo. Mtoto mwenyewe alikuwa amekwisha kwa njaa. Hakurudi tena kwao. Twaandika haya ili mwingine asidanganyike kama sisi.

Iko saratani ya figo inayowapata hasa watoto wadogo, na uvimbe wake waweza kuwa mzito sana. Mizani haitengi uzito wa uvimbe na uzito wa mtoto. Ndiyo maana katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth, mjini Blantyre, Malawi, madaktari waliowatibu watoto wa namna hiyo walipima mikono yao, wakaona wengi wamedhoofika kwa kukosa chakula. Utepe huo hutumika kwa watoto wa miezi 6 hata miezi 59. Ukionyesha chini ya sentimita 11.5, mtoto yu hatarini sana. Kati ya 11.5 na 12.5, hatari imekaribia.

Iko saratani nyingine inayojulikana sana katika nchi zetu. Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, mpasuaji wa Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya za watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari pamoja na wenzake wawili, maelfu ya maili katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali. Akaona kwamba ugonjwa huo hupatikana zaidi penye joto na mvua nyingi, yaani penye malaria nyingi. Watoto wengi waweza kuponywa kwa dawa. Lakini taya ikivimba na meno yakilegea, mtoto atatafunaje ugali na samaki?

Wako wanaosema, “Tumpunguzie chakula, uvimbe ufe kwa njaa.” La, hasha! Uvimbe hujitwalia chakula katika mwili hata mtoto asipokula. Njaa humwua mtoto kabla ya kuua uvimbe. Tena dawa za saratani ni kali: huleta kichefuchefu na vidonda vya kinywa, na kupunguza nguvu za mwili za kupigana na magonjwa. Huko Malawi ilionekana kwamba katika watoto waliodhoofika, dawa moja, vinkristini, hukawia kutoka mwilini, na kwa hiyo yaweza kuwadhuru zaidi. Basi chakula si zawadi ya kumfurahisha mgonjwa. Ni sehemu ya matibabu yake.

Tufanye nini nyumbani? Ugali wa muhogo hushibisha, lakini peke yake haujengi mwili. Tumpikie mtoto uji mzito, tutie karanga zilizosagwa vizuri, au unga wa ndagala zilizokaushwa, na mafuta ya mawese kidogo. Mayai na maharagwe yaliyopondwa yafaa sana; wala tusimnyime yai kwa sababu ya miiko ya wazee. Tumpe kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Kinywa kikiwa na vidonda, chakula kiwe laini, kisiwe cha moto wala cha pilipili. Maji yachemshwe na mikono ioshwe kwa sabuni, kwa maana kipindupindu chajulikana sana hapa Kalemie, na mtoto huyu hana nguvu za kukistahimili.

Tusiwasahau vijana. Kijana wa miaka 14 bado anakua, naye ahitaji chakula kingi kuliko tudhanivyo. Mara nyingi huona haya kwa kupotewa na nywele, akala peke yake, au asile kabisa. Aitwe kwenye sahani ya pamoja, wala asichekwe.

Katika nchi tajiri, watoto zaidi ya 80 katika kila 100 wenye saratani hupona. Mwaka 2018 Shirika la Afya Ulimwenguni liliweka shabaha kwamba, ifikapo mwaka 2030, walau 60 katika kila 100 wapone ulimwenguni pote. Shabaha hiyo haitafikiwa kwa dawa peke yake.

Basi, wazazi, mwonapo uvimbe usiopungua, tumboni au tayani, msingoje. Mpelekeni mtoto hospitalini upesi. Na huko ombeni apimwe mkono. Tumbo laweza kutudanganya, na mizani pia. Mkono hausemi uongo.